Dume la mama limembana kijana wa kazi ukutani, mama hataki kusikia habari ya kuuza. Naombeni ushauri

Mtoto wa Kiwira

Habari za muda huu wakuu, mnivumilie uzi ni mrefu kidogo ila wiki hii yote silali vizuri.

Mama yangu yuko kijijini Rungwe, anafuga ng'ombe wa maziwa watatu, wale wa ndani, hawatoki, wanakatiwa matete na migomba wanaletewa bandani. Miaka miwili na nusu iliyopita ng'ombe mmoja alikufa siku ya nne baada ya kuzaa akaacha ndama dume, chotara wa Friesian, mama akamlea kwa chupa ya soda yenye chuchu ya mpira, akawa anashinda nae jikoni, watoto wa dada wanacheza nae mchezo wa kusukumana vichwa, yani ukifika nyumbani unamruka ndama mlangoni ndo uingie. Akapewa jina la Bosi maana ukichelewesha maziwa anakufuata mpaka chumbani. Tulicheka sana kipindi kile, vidio mpaka leo ninazo kwenye simu.

Sasa Bosi kakua. Majirani ng'ombe zao zikiwa kwenye joto wanazileta kwa mama, huyu analipa hela huyu analeta debe la mahindi, mama kaona ana mradi. Mwaka jana akaanza kukwaruza chini akiona mtu mgeni, tukasema utoto. Mwezi wa tatu akamtupa mjomba kwenye lundo la samadi, mjomba akasema mwenyewe aliteleza (aibu tu hiyo). Jumatano iliyopita kijana wa kazi kaingia kutoa samadi kama siku zote, Bosi kamgeukia kambana ukutani kwa paji la uso, mbavu mbili zimevunjika. Bosi hana pembe, tulimchoma vichipukizi akiwa mdogo, nadhani ndo kilichomuokoa dogo. Jirani ndo alikuja kumtoa.

Mama anasema kosa ni la dogo, alivaa koti jipya la mvua Bosi hakumtambua!! Na yeye mwenyewe, miaka 63, anaingia mle kila asubuhi kumpa pumba kwa mkono anamkuna shingo. Nikimwambia auzwe anasema "huyo nimemlea mwenyewe hawezi kunidhuru".

Naomba kujua: anaweza kurudi kuwa mpole? Wakati tunaendelea kubishana watu wafanyeje wasiumie? Na mama nimwambie nini?

Chalii wa Sakina

Mshikaki huo mkuu, unataka ushauri gani tena

Mzee wa Plau

Kijana poleni. Mimi nimekulia Shinyanga nimefundisha maksai kulima toka nina miaka 12. Dume kiburi anatiwa adabu, mnamfunga kwenye mti siku mbili anakula fimbo za kutosha anajua nani mwenye mji. Baadae mnamhasi kwa burdizo (lile koleo la kuhasi) anakuwa maksai mzuri tu wa mkokoteni, mbona jambo dogo

Anko Saidi wa Wete

Poleni sana. Kwetu Pemba kuna mchezo wa ng'ombe, yule huwa kafungwa kamba na wapo watu kazi yao ni kamba tu, na juu ya hayo watu hukanyagwa kila msimu. Sasa nyie mwamuingilia bandani, hana kamba, kuta pande zote. Subhanallah.

Dokta wa Zizi

Mleta uzi kabla ya yote nijibu kitu kimoja. Huo ukali umekuja ghafla ndani ya siku chache au umepanda taratibu? Anatoa mate mengi? Sauti imebadilika, analia kwa kukoroma? Anakula kama kawaida? Kuna mbwa aliwahi kuingia bandani?

Mtoto wa Kiwira

Taratibu dokta, kama mwaka mzima hivi. Anakula mpaka anatafuta ndoo. Mate hapana na sauti ni ile ile. Kwa nini umeuliza?

Dokta wa Zizi

Nimeuliza kwa sababu ng'ombe nae anapata kichaa cha mbwa, na wenye mifugo wengi wanakisahau. Ng'ombe mpole akigeuka ndani ya siku mbili tatu, anadondosha mate, anashindwa kumeza, watu wanadhani kakwamwa na kitu kooni wanaingiza mkono mdomoni kumsaidia, hapo ndo wanajiua. Ukiona hivyo hakuna kuingia wala kugusa, unamwita mtu wa mifugo, na aliyepatwa na mate kwenye kidonda anaosha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 anakwenda hospitali siku hiyo hiyo. Lakini wako sio huo.

Wako ni ugonjwa wa chupa. Nimefanya kazi ya mifugo zaidi ya miaka ishirini nyanda za juu na huku kaskazini na hili nimeliona mara nyingi mno. Ndama dume akikua na ng'ombe wenzake, wakubwa wanamfundisha adabu, akileta ujinga anapigwa kikumbo anajua nafasi yake. Huyu wenu hakuona ng'ombe, aliona mama na watoto wa dada, kwenye akili yake nyie ndo kundi lake. Sasa akifika mwaka mmoja na nusu, miwili, dume yoyote anaanza kugombea ukubwa, na anagombea na anaowaona ni wenzake. Kwa hiyo mama anaposema "hawezi kunidhuru, nimemlea" aelewe kuwa kulelewa huko ndo kunamfanya awe hatari kwake. Hamchukii mama hata kidogo, anataka tu kujua nani mkubwa kati yao, sema yeye anauliza kwa kilo mia tano na mama hana kilo sabini. Dume la Friesian likikomaa linapita kilo 900.

Na ule mchezo wa kusukumana vichwa, jamani, jamani. Mlikuwa mnamfundisha kazi.

Tena dume wa maziwa tusimfananishe na madume yetu ya asili, zebu anakimbiakimbia porini na wenzake na ukimtishia mara nyingi anatoka. Friesian na Jersey ndo wanaoua watu, na Jersey na udogo wake wala usimwamini.

Mzee wa Plau

Dokta kwa hiyo fimbo haisaidii? Sisi tumefuga hivyo hivyo na tuko hai

Dokta wa Zizi

Mzee shikamoo. Kwa maksai uliyemhasi mdogo akakulia kundini sikubishii, huo ufundi wenu Wasukuma naujua. Ila dume huyu ukimpiga usoni na kwenye paji ndo umemkubalia pambano, kwake huo ni mwaliko. Atasubiri siku huna fimbo. Na kuhasi, akihasiwa ndama anakuwa mpole kweli, lakini wa miaka miwili na nusu ambae ameshabana watu wawili, homoni zitashuka ila alichojifunza kinabaki kichwani. Maksai mwenye mazoea ya kubana watu bado anabana watu. Na hapo nani ataingia kumshika ahasiwe?

Isukha Boy

Niko Kakamega. Wacha niwaambie kitu, huku kwetu Shinyalu na Khayega tuko na ndume za kupigana uwanjani. Unajua zinafanywa aje kuwa kali? Inafungiwa pekee yake, haichanganywi na zingine, inalishwa vizuri, inazoea wenyewe wachache. Hiyo tu. Mama yako amefuga ndume ya uwanja na hajui 😂 Na hata hao wenyewe wanaoilisha kila siku hawaipei mgongo.

Mtoto wa Kiwira

Daah. Dokta na Isukha mmenimaliza. Sasa mpaka nimshawishi mama, tufanye nini? Huyo dogo mwingine wa kumshikia kazi kaja jana na mimi niko Dar.

Dokta wa Zizi

Leo hii, sio kesho, mtu haingii alipo dume. Chakula na maji vinatoka nje juu ya kihondi (hori la kulishia), pumba kwa ndoo sio kwa mkono. Banda ligawanywe vyumba viwili, magogo ya mkaratusi yanatosha, mlango wa katikati unaovutwa kwa kamba ukiwa nje. Chakula kinawekwa chumba hiki, akiingia mlango unashushwa, ndo chumba kile kinasafishwa. Nguzo zisipungue mita moja na nusu kwenda juu na ziwe nzito, dume anajua kuegemea mpaka gogo lilie. Na kila chumba muache upenyo wa kama sentimita 35 au 40, mtu anapita kwa ubavu na dume hapiti. Upenyo huo usirundikwe majembe wala magunia, nimeona mtu kafa amesimama mbele ya upenyo uliozibwa na baiskeli.

Mfundishe dogo kusoma dalili, maana wengi wanasubiri akwaruze chini na hapo tayari kumekucha. Dalili ya kwanza anajigeuza ubavu. Anasimama kwa upande, mgongo kaupinda kama upinde, shingo imevimba, kichwa kiko chini, macho yanatoka nje, wewe unadhani anaangalia pembeni, kumbe anakuonyesha ukubwa wake. Ukiona hivyo ondoka. Unaondoka kinyumenyume na kwa upande, taratibu, macho kwake, unaelekea kwenye upenyo. Usigeuke ukakimbia, mbio zake huziwezi na mgongo wako unamwita. Akija kweli mtupie koti, kofia, ndoo, chochote, mara nyingi anakishambulia kwanza kile kitu na hizo sekunde mbili tatu ndo uhai wako. Ukiangushwa usijaribu kusimama, bingirika upite chini ya gogo.

Na usimtokee kwa nyuma kimya kimya, nyuma kabisa haoni, ongea mapema ajue upo. Simu weka pembeni na vya masikioni toa.

Pete ya pua ilitakiwa iwekwe na mtaalamu akiwa na miezi tisa mpaka kumi na miwili. Sasa hivi mtu asije akawauzia pete akasema ndo dawa, pete bila watu wawili na fimbo yake ya kushikia haina kazi, na ndani ya banda dogo bado anakubana.

Neema Ngonyani

Naongezea kidogo, watu wanaongelea madume tu. Mamdogo wangu alikanyagwa na jike, tena mpole anayekamuliwa na watoto, alikuwa amezaa usiku mamdogo kaenda kuangalia ndama asubuhi na mbwa anamfuata nyuma. Ng'ombe alikuwa anamfuata mbwa, mbwa akajificha kwa mamdogo. Nyonga mpaka leo inamsumbua. Mwenye ndama mchanga usiende na mbwa.

Mama Vikuku Njombe

Mwanangu pole. Mimi nitasema kuhusu mama yako maana haya ya magogo yameshaelezwa. Usimwambie Bosi ni mbaya, atamtetea. Mimi mwenyewe nilikuwa na wangu, nilimtetea mpaka akavunja geti. Muulize maswali ya mradi. Bosi ana miaka miwili na nusu, mitamba yake ya kwanza (majike aliyozaa) hapo kijijini karibu inaanza joto, wataletwa kwa nani? Kwa baba yao! Ndama watatoka dhaifu na lawama zitakuja kwake. Halafu dume mmoja anayepanda kitongoji kizima anabeba magonjwa ya kutupa mimba kutoka zizi hili mpaka lile, siku ng'ombe watatu wa majirani wakitupa mimba nani ataangaliwa? Na mtoto wa mtu akija kushika kamba ya ng'ombe wake akabanwa, huyo anayelipa debe la mahindi atakuwa na kesi na mama.

Aanze uhimilishaji, yaani ng'ombe kupandikizwa mbegu na mtaalamu bila dume. Mbegu zinatoka kituo cha taifa cha Usa River, Arusha, mwambie aongee na afisa mifugo wa kata amwelekeze mhimilishaji aliye karibu. Shida ni kuwahi joto tu, akiliona asubuhi apandishwe jioni, akiliona jioni apandishwe kesho yake asubuhi, likipita anasubiri siku 21 nyingine. Mimi nimeacha dume na sijajuta, ila kwa kweli banda lilipooza.

Chalii wa Sakina

Narudia mshikaki

Dokta wa Zizi

Chalii kwa utani wake anasema kweli. Auzwe machinjioni, na msimuuze kwa mfugaji mwingine bila kusema tabia yake, hiyo ni kumtupia mwenzio jeneza. Siku ya kumtoa msimswage barabarani. Gari lisogezwe mpaka mlango wa banda, mpakieni jike mmoja mbele yake, dume atamfuata kirahisi kuliko mvutane na kamba, mkifika jike anarudi. Na kama itabidi achomwe dawa ya kumlegeza, mnunuzi aambiwe, nyama haifai kuliwa mpaka muda wa dawa uishe.

Mtoto wa Kiwira

Wakuu narudi na mrejesho, leo siku ya kumi na moja.

Nilipanda basi Ijumaa nikaenda mwenyewe. Magogo tumeweka, chumba cha pili kipo, upenyo upo, nimeupima kwa tumbo la mjomba. Jumamosi asubuhi nikamwomba mama asiingie, asimame tu nje nae amwangalie Bosi. Nikasimama nae. Bosi akatuona, akajigeuza ubavu, mgongo juu, kichwa chini, vile vile dokta alivyoandika. Mama akasema "huwa ananifanyia hivyo kila siku, nadhani anataka nimkune." Halafu akanyamaza muda mrefu sana.

Dogo ametoka hospitali, gharama tumelipa na tumemwambia kazi yake ipo akipona, hataki.

Afisa mifugo kaja, mhimilishaji namba tunayo. Mnunuzi wa Tukuyu amekubali kuja na gari. Mama kakubali nae, ila kaweka sharti, waje Jumapili saa tatu asubuhi akiwa kanisani, na mtu asimwambie walimpakiaje.