Binti yangu ameitwa kutoa ushahidi mahakamani: naomba ushauri

Mama Subira (mleta mada)
Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Binti yangu mwenye umri wa miaka tisa ndiye aliyejeruhiwa katika kesi ya shambulio iliyopo mahakamani. Ameshalisimulia tukio hilo kwa polisi, kwa daktari, kwa afisa ustawi wa jamii na kwa mwendesha mashtaka, na kila akilirudia hukosa usingizi. Sasa imeletwa hati ya wito. Je, ninaweza kukataa kwa niaba yake?

Kisiwa Tulivu
Pole sana, dada. Kwangu swali kubwa ni malezi: wazazi wa leo tunawaacha watoto mikononi mwa watu tusiowachunguza, kisha tunaitafuta sheria wakati madhara yameshatokea.

Baba Neema
Mwanangu aliwahi kuwa shahidi. Maswali aliyamudu, kilichomvunja ni kuahirishwa kwa kesi mara kwa mara, huku akisubiri kwenye benchi moja na ndugu wa mshtakiwa, waliokuwa wakimkazia macho bila mtu yeyote kuwaondoa. Hadi leo hapendi kupita karibu na jengo lile.

Msoma Sheria
Mama Subira, kabla hatujakushauri, tueleze mambo mawili: mshtakiwa ni nani kwenu, na mtoto yuko wapi sasa?

Mama Subira
Mshtakiwa ni kaka yangu wa tumbo moja. Mtoto nimempeleka kwa ndugu walio mbali, na nimemweleza mwendesha mashtaka kwamba amesahau mengi. Msinihukumu, kwani mama yetu ni mgonjwa na kaka ameshaomba radhi mbele ya wazee. Nilichofanya ni kumpumzisha mtoto.

Kisiwa Tulivu
Radhi ameombwa nani, wazee au mtoto?

Msoma Sheria
Katika nchi nyingi, kumficha shahidi aliyeitwa ni kosa, hata kwa mzazi. Zaidi ya hapo, ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inampa mtoto nafasi ya kusikilizwa katika mashauri yanayomhusu, na wewe umeshamsemea kwamba amesahau. Lakini hofu yako kuhusu kurudiarudia maelezo ina msingi. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2005 kuhusu watoto waathirika na mashahidi inataka mahojiano yapunguzwe na mtoto asikutanishwe na mshtakiwa pasipo lazima. Iceland ilianzisha mwaka 1998 nyumba maalumu ambamo mtu mmoja aliyefunzwa humhoji mtoto, huku hakimu, mwendesha mashtaka na wakili wa utetezi wakifuatilia kutoka chumba kingine, na maelezo yaliyorekodiwa hutumika kama ushahidi.

Jicho Pevu
Samahani, lakini naona habari hii imetungwa. Kwanza tuliambiwa mtoto hapati usingizi kwa sababu anakumbuka, sasa tunaambiwa amesahau. Akaunti yenyewe imefunguliwa leo. Tusipoteze muda.

Baba Neema
Nami nimeanza kuwa na shaka, ingawa mama aliyebanwa na ndugu zake anaweza kabisa kusema maneno mawili yasiyolingana.

Mama Subira
Hajasahau. Nilisema hivyo kwa mwendesha mashtaka ili amwache. Kaka hana wakili, na nimeambiwa ataruhusiwa kumhoji mtoto yeye mwenyewe, kwa sauti ileile anayoiogopa. Akaunti nimeifungua leo kwa sababu ndugu zangu wanaijua ile ya zamani.

Msoma Sheria
Hilo ndilo ulilopaswa kumwambia mwendesha mashtaka. Miongozo ileile inataka mtoto alindwe dhidi ya kuhojiwa na mshtakiwa mwenyewe, kwa kadiri mfumo wa sheria unavyoruhusu na bila kuvunja haki ya utetezi. Muombe aiombe mahakama maswali yapitie kwa hakimu au kwa mtu atakayeteuliwa, liwekwe pazia, shauri lisikilizwe faraghani, na mtu anayeaminiwa na mtoto akae karibu naye. Omba pia mtoto aoneshwe chumba cha mahakama kikiwa kitupu, na aelezwe kwamba kujibu "sijui" au "sijaelewa swali" kunaruhusiwa.

Mama Subira
Nitampigia kesho asubuhi na kumweleza ukweli. Kuhusu kumrudisha mtoto bado sijaamua, na sioni kwa nini nimrudishe kabla sijahakikishiwa ulinzi huo. Je, ombi linaweza kupelekwa akiwa bado huko?

Msoma Sheria
Linaweza, na ni bora lipelekwe kabla ya siku ya kesi. Ila mwendesha mashtaka aambiwe mtoto yuko wapi.