Tupeane uzoefu: mliosoma uchoraji sekondari, Moshi na Arusha, ulikufikisha wapi?

Mama Kihamba

Habari za jioni wapendwa. Binti yangu yuko kidato cha pili hapa Moshi. Daftari lake lolote ukilifungua kwa nyuma unakutana na nyuso: dada wa dukani, konda wa daladala, bibi yake kajifunga kitenge. Sasa kuna mwalimu ametangaza kufundisha uchoraji kwa wanafunzi wa sekondari kila Jumamosi, saa tatu hadi saa sita. Mtoto kanililia nimruhusu. Mjomba wake anasema Jumamosi ni ya tuisheni ya Hesabu na Fizikia, hiyo nyingine ni kutupa hela.

Mimi nilisoma miaka ya tisini. Kipindi cha Sanaa kilikuwa kwenye ratiba, kimeandikwa vizuri kabisa, lakini mwalimu hakuwepo. Kengele ikigonga tunapewa mafyekeo, tunakwenda kukata majani. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu na mimi nilikuwa nachora, na sijui ningefika wapi.

Naomba mliopitia madarasa haya, shuleni au mtaani, mnieleze ukweli. Mlipata nini? Kuna mliyejuta?

Fundi Geti Majengo

Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha, na nimesoma uchoraji kidato cha kwanza hadi cha nne. Ngoja nikueleze kwa kirefu maana umegusa pale pale.

Siku ya kwanza mwalimu wetu, kijana aliyetoka Chuo cha Ualimu Butimba, alituambia tuchore Mlima Kilimanjaro. Darasa zima watoto wa Moshi, mlima tunauona tangu kuzaliwa. Wote tukachora pembetatu na kofia nyeupe juu. Akakusanya karatasi, hakusema kitu. Kesho yake saa moja asubuhi, kabla mawingu hayajashuka, akatutoa nje akatuambia tutazame dakika kumi bila kushika penseli.

Mama, nilikuwa sijawahi kuuona ule mlima. Kibo, kile kilele kikubwa, juu si ncha, ni pana kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Barafu haikukaa sawasawa, upande huu imeshuka, upande ule jiwe liko wazi. Halafu kulia kwake kuna kilele cha pili, Mawenzi, imechongoka kama jino lililovunjika, na katika darasa zima hakuna hata mmoja aliyeichora! Akatuambia: jana mlichora neno mlima, leo chora kile kilicho mbele yako.

Baada ya hapo akatupeleka barabara ya Double Road, hapa Moshi, kutazama miti. Inavyokwenda mbali inapungua kimo, na barabara yenyewe inabana mpaka kingo mbili zinakutana mahali pamoja, usawa wa macho yako. Alitupimisha kwa kunyoosha mkono na penseli, jicho moja limefumbwa. Kipimo hicho ninakitumia kazini mpaka leo. Mteja anakuja na nyumba yake, nasimama ng'ambo ya barabara, nanyoosha mkono, najua geti likiwa na kimo hiki litaimeza nyumba au litapendeza. Namchorea palepale, upande wa mbele na upande wa pembeni, kwa vipimo. Mafundi wenzangu wanawaonyesha wateja picha za simu, geti la mtu mwingine kwenye nyumba nyingine. Mimi wananilipa zaidi na sijawahi kubomoa kazi kwa sababu mteja hakuielewa.

Kwa hiyo mjomba mwambie kwa heshima kwamba hela haijatupwa.

Nesi Usa River

Mimi faida niliipata kwenye Baiolojia, na hasara pia niliipata hukohuko. Nilizoea kutia vivuli. Nikachora moyo wa binadamu kidato cha tatu, nimeupaka penseli mpaka unaonekana umevimba, nikakatwa maksi. Mchoro wa Baiolojia unataka mstari mmoja safi, usiokatika, bila kivuli, na majina yameandikwa pembeni. Aliyenisaidia kuelewa tofauti ni mwalimu wa Sanaa mwenyewe: huu mchoro ni wa kuelekeza, ule ni wa kuonyesha. Tangu hapo sikukosea tena. Leo wodini nikimweleza mama mjamzito mtoto amekaaje tumboni, nachukua kalamu namchorea. Anaelewa haraka kuliko maneno yangu yote.

Chalii wa Ngarenaro

Mimi nilipitia mlango wa nyuma. Shuleni kwetu somo halikuwepo, ila nikiwa kidato cha tatu nilianza kumsaidia mjomba kwenye banda lake la picha mjini Arusha. Mnazijua zile picha: Wamasai wembamba wanatembea jua linazama, zinapakwa kwa kisu. Baada ya miezi mitatu nilikuwa natoa nyingi kwa siku moja, na watalii wananunua. Twiga wa Tingatinga pia, kwa rangi ya mafuta ya kopo juu ya hadibodi, kama alivyofanya mwenyewe Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya sitini.

Nilijiona msanii. Siku moja mgeni akaniomba nimchoree mtoto wake ameketi. Nikashindwa. Sikujua goti linakunjwaje, sikujua kichwa kinaingia mara ngapi kwenye mwili. Nilikuwa najua picha nne, nazirudia.

Baadaye nikapata darasa la jioni kwenye ukumbi wa kanisa, tulikuwa wanafunzi wa sekondari kama kumi na wawili. Mwanafunzi mmoja anakaa mbele, wengine tunamchora kwa dakika tano, tunabadilishana. Mwili wa mtu mzima ni kama vichwa saba na nusu kutoka utosini hadi unyayoni, mtoto mdogo vichwa vichache zaidi. Kitu kidogo hivyo, na hakuna aliyewahi kuniambia bandani. Nilikaa miezi minane. Nikarudi bandani nikaanza kuchora wanawake wa Soko la Kilombero wakipanga nyanya, mpiga debe, mzee anakula loshoro. Zinauzika taratibu kuliko Wamasai wa machweo, nasema ukweli. Lakini Tingatinga aliyafungua macho yake kwa wanyama na watu wa kwao, akapata mkono wake. Sisi tunamsifu kwa kunakili twiga wake. Hapo ndipo naona darasa lina kazi.

Mzazi Sakina

Naomba niseme upande wa pili. Mwanangu alijiunga na darasa kama hilo, akaanza kukesha akichora, kidato cha pili akaporomoka masomo yote. Nilikasirika nikachoma michoro yake. Hilo ndilo ninalojutia, kuliko hata matokeo. Alikaa mwaka mzima hashiki penseli wala hanisemeshi. Kosa halikuwa darasa, ni kwamba hatukukaa chini kupanga saa. Ukimruhusu, mama, mkubaliane tangu siku ya kwanza: saa za kuchora hizi, saa za kusoma hizi. Na michoro yake usiiguse.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba wote mnaonisalimu, nimewasoma kwa furaha. Nimefundisha Sanaa sekondari za mkoa wa Kilimanjaro zaidi ya miaka ishirini, basi niseme niliyoyaona.

Kwanza, somo lipo kihalali. Baraza la Mitihani lina mtihani wake wa kidato cha nne, namba 016, una karatasi ya nadharia na karatasi ya vitendo. Linalofanya shule ziliache ni hesabu. Watahiniwa ni wachache, vifaa vya vitendo vinagharimu, na mkuu wa shule anapimwa kwa masomo mengine. Nimewahi kupewa vijana sita na meza ya maabara iliyovunjika. Nilishukuru kwa meza.

Vifaa visiwatishe wazazi. Kwa mwezi wa kwanza mtoto anahitaji penseli HB, 2B na 6B (namba ya B ikiwa kubwa, penseli ni laini na nyeusi zaidi), kifutio, na karatasi. Sisi tulitumia upande wa nyuma wa karatasi za mitihani iliyopita. Mkaa wa kuchorea tulitengeneza wenyewe: vijiti vilivyonyooka vya unene wa penseli, vimemenywa ganda na kukauka, unavipanga wima ndani ya kopo la maziwa mpaka libane, unafunga mfuniko, unatoboa tundu dogo kwa msumari, unaliweka motoni. Moshi unatoka tunduni. Ukikoma, toa kopo, na usilifungue mpaka lipoe kabisa, la sivyo hewa ikiingia vinawaka vyote na unabaki na jivu. Gundi ni uji wa unga wa ngano. Maganda makavu ya mgomba yana rangi kuanzia maziwa mpaka kahawa, ukiyakata na kuyabandika unapata picha nzima bila tone la rangi. Kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la bibi, yanaoza bure.

Pili, watoto wa huku wanadhani uchoraji ni mambo ya Wazungu au ya Dar. Nilikuwa nawaanzishia kila mwaka na Sam Ntiro. Alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Chuo cha Makerere, Uganda, chini ya mwalimu wa sanaa Margaret Trowell, kisha London, akawa mwalimu na pia balozi wetu Uingereza. Alichora migomba, watu wakivuna, wakijenga, wakichota maji, mambo ya kihambani. Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa bibi harusi usiku, na picha hiyo imo kwenye mkusanyo wa Museum of Modern Art, New York. Nilipowaambia vijana kwamba mbege ya Machame iko New York ukutani mwa watu wenye kujua picha, walinyamaza wote. Halafu nawaambia juu ya Elimo Njau wa Marangu, aliyechora kuta za kanisa Murang'a kule Kenya, na maisha ya Yesu yakawa na sura za watu wa hukohuko na mandhari ya hukohuko. Alipinga sana kunakili. Chalii wa Ngarenaro, ungempenda.

Katika wanafunzi wangu, waliokuja kuishi kwa picha peke yake hawazidi vidole vya mkono mmoja. Sitawadanganya. Waliobaki ni wachora ramani za nyumba, mafundi cherehani wanaokata bila patani, walimu wa chekechea, mmoja anatengeneza meno ya bandia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeniambia vipindi vile vilipotea.

Batiki Njiro

Shikamoo mwalimu. Naongezea wasichana wanaopenda vitambaa. Shule yetu ilikuwa na klabu ya batiki Ijumaa jioni. Unayeyusha nta, unapaka pale usipotaka rangi iingie, unachovya, unaanika, unapaka nta tena, unachovya rangi nzito zaidi. Unaanza na nyepesi unaishia na nyeusi, huwezi kurudi nyuma. Mtu asiyepanga kichwani kabla ya kushika brashi anaharibu kitambaa. Nilijifunza kupanga pale.

Tahadhari moja kwa dada zangu: kostiki na haidro, zile dawa za kuchanganyia rangi, ni vitu vikali. Glavu za mpira, kazi ifanyike nje penye hewa, na kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki. Mwenzetu aliungua mkono kwa sababu aliyetusimamia siku hiyo hakutuambia. Kovu analo. Mama, kabla hujalipa ada popote, nenda kaangalie wanafanyia wapi kazi na nani anawasimamia.

Mama Kihamba

Nimewasoma mara tatu, na mara moja nimemsomea mjomba kwa sauti. Aliposikia habari za Machame aliuliza tena mwaka. Yeye ni wa Machame.

Tumekubaliana hivi: Jumamosi asubuhi uchoraji, mchana Hesabu, Jumapili baada ya kanisa anapumzika. Nilikwenda mwenyewe kuona. Ni chumba chenye madirisha makubwa, watoto tisa, mwalimu anapita nyuma yao bila kugusa karatasi ya mtu.

Ameshakwenda Jumamosi tatu. Wiki hii kazi ya nyumbani ilikuwa mikono. Akamchora bibi yake akiambua maharage. Bibi akaishika karatasi akaisogeza dirishani, akatazama muda mrefu. Ana kidole cha pete kilichovunjika zamani, akiwa msichana, hakinyooki. Mimi nimekula mkononi mwake tangu utotoni na sikumbuki kama nimewahi kukiona. Mtoto kakichora kimepinda vilevile. Bibi akasema, "Huyu ameniona."

Fundi, nina swali. Anachora karatasi ikiwa juu ya mapaja inakunjana. Huo ubao wa kuegemezea nitaupata wapi bila kununua wa dukani?

Fundi Geti Majengo

Mama usinunue. Seremala jirani yangu ana mabaki ya hadibodi, nitamkatia futi moja na nusu kwa mbili, nimpigie msasa kingo zisimchane. Mwambie apitie Jumamosi akitoka darasani, na aje na huo mchoro wa mikono, nauomba niuone.

Mwalimu Mstaafu

Upande laini uwe juu, fundi. Na vibanio viwili vya nguo vinatosha kushika karatasi.