Kanitupa chini ya basi, na basi halionekani

Neema: Shikamooni wakubwa. Kwenye filamu za ofisini nasikia "He threw me under the bus". Sabtaito ya Kiswahili inasema "alinitupa chini ya basi". Basi lenyewe liko wapi?

Mjomba: Marahaba. Kanitoa kafara. Mtu anakubebesha lawama ili yeye apone.

Shangazi: Si ndiyo "kanitosa" hiyo?

Mjomba: Umekaribia, shemeji, ila kukutosa ni kukuacha uhangaike, hata kama yeye hafaidiki kitu. Kwenye basi anayetupa anajiokoa.

Shangazi: Haya, kafara nimekubali 😄

Neema: Nimeuandika msemo wote kwenye kamusi ya mtandaoni, haukuja.

Juma: Umeuandika na "he" na "me", ndiyo maana. Kitenzi kirudishe kwenye umbo la msingi, "threw" iwe "throw", na penye mtu weka "someone": "throw someone under the bus". Penye "my" au "his" jaribu "someone's" au "one's", mfano "pull someone's leg", kumtania mtu. Mwishoni ongeza neno "idiom", usije ukaletewa picha za mabasi.

Shangazi: Kabla ya kamusi mtazame anayejibiwa. Mtu kapewa habari ya ajabu, macho yamemtoka, anasema "Get out of here!" na mwenzake anacheka, anaendelea kusimulia. Hajafukuzwa mtu hapo. Ni "Acha wee!" yetu. "Shut up!" nayo huja hivyo hivyo. Ila ukiona mwenzake kanyanyuka na koti lake, jua kafukuzwa kweli.

Neema: Na yale yanayopita mbio? Napunguza kasi, bado sisikii.

Juma: 0.75 inatosha, ukishuka 0.5 wote wanaongea kama walevi. Lakini kasi haitenganishi maneno yaliyomezwa. "What are you going to do" mdomoni inakuwa "wochagonadu". Ipunguze utakavyo, "are" huisikii, kwa sababu haikutamkwa. Washa sabtaito ya Kiingereza, na kama ipo yenye alama ya CC au SDH, yaani ile ya wasiosikia vizuri, chagua hiyo, kwa kawaida hufuata maneno yenyewe. Ya Kiswahili usiitumie kukagulia Kiingereza. Tafsiri hufupishwa ili mtu awahi kusoma.

Mjomba: Na mjue filamu ya nchi gani. "Pants" Marekani ni suruali, Uingereza ni chupi. "Mad" Marekani mara nyingi ni kukasirika, Uingereza ni kichaa. Ukichanganya hapo unamwonea mtu bure.

Neema: Na "I plead the Fifth"? Kamusi inaniambia "ya tano" tu.

Mjomba: Hapo kamusi ya maneno haikusaidii, hiyo ni sheria. Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791: kwenye kesi ya jinai mtu halazimishwi kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Nyumbani ni utani. Baba anauliza nani kamaliza keki, mtoto anajibu hivyo. Maana yake "mimi sisemi", na wote wameshajua kala nani.

Shangazi: Mimi yangu moja tu. Polisi kwenye redio, "10-4".

Juma: Ujumbe umefika, nimekuelewa.

Shangazi: 10-4.