Namna ya kupanga mfumo wa tovuti wa kumbukumbu za waumini

Muulizaji:
Ndugu zangu, ninatengeneza mfumo wa tovuti utakaochukua nafasi ya madaftari ya waumini. Nimeweka kila kitu katika jedwali moja, lakini mtu akihama au akioa ninalazimika kurekebisha safu nyingi. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza:
Ndugu, tenganisha mtu na kaya. Kila muumini apewe namba isiyobadilika, kwa sababu majina hufanana na simu hubadilishwa. Kisha ubatizo, ndoa, uhamisho na kifo viwekwe katika jedwali la matukio lenye tarehe na namba hiyo, ili historia isifutike hali ya mtu inapobadilika. Nakusihi usimfute aliyehama au aliyefariki, maana cheti cha ubatizo huweza kuombwa miaka mingi baadaye.

Jibu la pili:
Naongeza suala la usiri, ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Imani ya mtu ni taarifa nyeti, na sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu 2018, inaiweka katika kundi maalumu. Kwa hiyo karani aone anwani, mhazini aone sadaka, na maelezo ya ushauri wa kichungaji yasiingizwe humo kabisa.

Muulizaji:
Asanteni sana. Na mtoto akianzisha kaya yake?

Jibu la kwanza:
Jedwali linalounganisha mtu na kaya liwe na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Namba yake ibaki ileile.