Dibaga haiioni STM32F103: bodi mbili, dalili mbili

Fundi wa Langoni, Lamu

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nimebuni bodi ndogo yenye maikrokontrola ya STM32F103C8 ya kupimia kina cha maji na chumvi katika visima vya Shela, ambako maji matamu hukaa chini ya vilima vya mchanga na yakitekwa kupita kiasi maji ya bahari huingia mahali pake. Nimelehemu bodi mbili, na zote hazizungumzi na dibaga (kifaa kinachounganisha chipu na kompyuta ili kupakia na kuchunguza programu), ingawa dibaga hiyohiyo inafanya kazi vizuri na bodi niliyonunua dukani. Ya kwanza ilipokea programu na taa ikamwekamweka kama nilivyokusudia, lakini tangu hapo kompyuta hudai kwamba hakuna chipu iliyounganishwa. Ya pili haijawahi kujibu kabisa. Nimeunganisha SWDIO (waya wa data), SWCLK (waya wa saa) na graundi tu. Nimebadilisha nyaya na kupunguza kasi ya mawasiliano bila mafanikio. Nianzie wapi?

Fundi Redio, Malindi

Wa alaykum salaam, fundi. Zitenganishe bodi hizo, kwa maana dalili zake hazifanani. Iliyopokea programu kisha ikanyamaza imekwisha kuthibitisha kwamba umeme na lehemu yake ni sawa, kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni programu yenyewe. Katika chipu hii dibaga hupita PA13 na PA14, na pini hizo huwa wazi kwake kila chipu inapoanza upya, hadi programu itakapozipa kazi nyingine au kuifunga njia. Zana za kutengenezea msimbo wa mwanzo zinaweza kuandika amri ya kuifunga iwapo hukuchagua dibaga katika mipangilio, na amri hiyo hutekelezwa mapema mno kuliko unavyoweza kubofya kitufe.

Ongeza waya wa NRST, yaani pini ya riseti inayoianzisha chipu upya, kisha uiagize kompyuta iunganishe huku chipu ikiwa imeshikiliwa kwenye riseti. Zipo dibaga za bei nafuu ambazo pini yake ya riseti haizisaidii chipu hizi. Ikiwa yako ni ya namna hiyo, tumia BOOT0 na BOOT1, pini zinazoamua chipu ianze na programu ipi: ipandishe BOOT0 hadi volti 3.3, uiache BOOT1 kwenye graundi, uzime bodi na kuiwasha. Chipu itaanza na programu ya kiwandani badala ya yako, nawe utaweza kuifuta kumbukumbu. Tafadhali rekebisha mipangilio kabla ya kuandika tena, la sivyo itajifunga vilevile.

Mwalimu wa Umeme, Mkomani

Nakubaliana naye kikamilifu; mimi nitabaki na bodi ya pili. Hapo iache kompyuta kwanza, uchukue multimita, na upime kwenye miguu ya chipu yenyewe wala si kwenye regyuleta (kidhibiti volti), kwa sababu volti iliyotoka salama huenda isifike. Pima miguu ya kuingizia umeme, wa 24, 36 na 48, kisha mguu wa 9, yaani VDDA, umeme wa sehemu ya analogi. Huu wa mwisho ndio ninaousisitiza: wengi hudhani unahusu vipimo vya analogi pekee, kumbe ndio unaolisha sehemu ya riseti na visukumo vya saa vya ndani, na ukikosa umeme chipu haiamki. NRST, mguu wa 7, nayo inapaswa kusoma karibu na volti 3.3, ikisoma sifuri, tafuta lehemu iliyogusana na graundi. Hakikisha pia kwamba dibaga yako imepewa waya wa kusomea volti ya bodi ikiwa inauhitaji. Ukimaliza, safisha mabaki ya dawa ya kulehemu kwa spiriti, kwani hewa yetu ya chumvi hula shaba haraka.

Fundi wa Langoni, Lamu

Ahsanteni sana. Ya kwanza imefunguka kwa njia ya BOOT0. Kwenye ya pili, VDDA ilisoma sifuri: feraiti (kijenzi kidogo cha kuchuja umeme) inayoilisha ilikuwa imeshika lehemu upande mmoja tu. Nimeilehemu upya, na dibaga imesoma kitambulisho 0x1BA01477. Katika toleo lijalo NRST na volti ya bodi zitafika kwenye soketi ya dibaga, na BOOT0 itashushwa graundi kwa rezista ya kiloomu 10 ili niweze kuipandisha bila kulehemu chochote.