MREJESHO: Yale makombe yaliyokuwa yakinuka

Wadau, mwezi uliopita niliuliza hapa nifanyeje na ndoo ya makombe ya baharini niliyookota ufukweni Kigamboni, maana yalikuwa yananuka sebule nzima. Majibu yalikuwa mengi, asanteni.

Nilifuata ushauri wa dada aliyesema niyachemshe dakika kama tano, nitoe mabaki kwa sindano, halafu niyaloweke usiku kucha kwenye maji yenye dawa kidogo ya klorini. Harufu imekwisha kabisa. Ila yalipauka! Nikayapaka mafuta ya nazi kwa pamba, rangi ikarudi, hasa zile kauri.

Kutoboa ndiko kulikonitesa. Msumari umenipasulia saba. Fundi wa jirani akaniazima keekee yenye ncha nyembamba, nikawa natoboa kombe likiwa limezama kwenye sahani ya maji, taratibu, bila kukandamiza. Hapo hakuna lililopasuka.

Nimeyatunga kwenye kamba ya katani, nikayaning'iniza kwenye mti ulioletwa na maji. Upepo ukipita dirishani yanagongana, kelele tamu. Mama mkwe kauliza nimenunua wapi, nimenyamaza kwanza.

Moja nililirudisha baharini, lilikuwa na kaa ndani.