MREJESHO: Hadi diski iliyokuwa haisomi kwenye tableti

Habari zenu wakuu. Wiki iliyopita niliuliza kwa nini hadi diski yangu ya nje ya TB 1 inagoma kwenye tableti wakati kwenye kompyuta inasoma vizuri. Ilikuwa inalia tik, tik, tik, taa inawaka na kuzima. Nilishaona picha za harusi ya dada zimekwenda.

Mliosema ni umeme mlikuwa sahihi kabisa. Diski ya mota ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 1, na USB 2.0 kwa kiwango chake inatoa mA 500 tu, yaani nusu ampea. Mota inajaribu, inakosa nguvu, inaanza upya. Ndiyo maana flashi haisumbui, haina mota.

Nimenunua kigawanyio cha USB chenye adapta yake ya ukutani, nikachomeka diski hapo, kisha tableti. Nikatega sikio: ile tik tik hakuna, ni mvumo laini tu. Mafolda yakafunguka!

Picha zote nimeshanakili. Mkuu uliyenikataza kuifungua kwa bisibisi, Mungu akubariki.